Bi Sikuzani na Ekari ya Mbwa

Siku niliyomwona Bi Sikuzani kwa mara ya kwanza, niliuona mgongo wake kabla ya uso. Alikuwa anashuka basi kinyumenyume, buibui lake limepauka kwa vumbi la njia ya Bariadi, na mikononi amekumbatia debe la mafuta lililokatwa juu. Ndani ya debe kulikuwa na udongo na mche mwembamba. Utingo alitaka kumpokea.

"Wewe shika sanduku," alimwambia. "Hili niachie mwenyewe. Mche huu mama yake yuko Ujiji. Umefika mpaka hapa haujavunjika jani, wewe ndiye uje uuangushe?"

Ilikuwa mwaka 1976, maduka ya watu binafsi yalipofungwa na vijiji vikatakiwa kuwa na maduka ya ushirika. Kijiji chetu, upande wa Dutwa, kilikuwa bado kipya. Tulikuwa tumehamishiwa pale na Operesheni ya vijiji, nyumba zimepangwa mistari kama mahindi, na watu ambao zamani walisikiana kwa ngoma tu sasa walikuwa wanasikiana wakikohoa. Duka tulikuwa tumelijenga na mzani umeletwa, ila muuzaji ndiye aliyekosekana. Kila aliyetajwa alikuwa na shemeji, na kila shemeji alikuwa na maadui. Ndipo kamati ikamwomba Bi Sikuzani, mjane aliyekuwa akiuza duka la marehemu mumewe Bariadi mjini mpaka lilipofungwa. Alikuwa mtu wa Ujiji, Mwislamu, hana ndugu kijijini. Hilo likaonekana ni sifa.

Mimi nilikuwa mpakuzi wa mizigo na mlinzi wa duka hilo. Nadhani nilichaguliwa kwa sababu sikuwa msemaji. Nilikuwa kijana aliyemaliza darasa la saba, na hata kuitikia salamu mbele ya watu watatu kulinitoa jasho. Siku ile nilisogea kubeba sanduku, na mbwa wangu akanifuata kama kawaida yake. Akanyoosha pua kulinusa debe.

Bi Sikuzani akaliinua juu. "Mzuie mwenzio. Nina udhu wangu. Anaitwa nani?"

"Watajua," nikasema.

"Nani watajua?"

Milembe, jirani yetu, ambaye hakuwahi kuacha swali la mtu likae bila jibu, akanisaidia, akimwita mama kwa lugha yetu. "Mayu, hilo ni jina. Kwetu mbwa tunampa jina la kumsema jirani. Baba yake Jilala huyu aligombana na mtu kule walikotoka, akaleta mbwa, akamwita Watajua. Kila jioni akawa anaita, 'Watajua! Watajua!' Jirani anasikia."

"Na huyo jirani alijua?"

"Alihama!"

Bi Sikuzani akacheka mpaka debe likatikisika. Hivyo ndivyo alivyoingia kijijini kwetu, akicheka, na mimi nyuma yake na sanduku kichwani.

Nataka kueleza jinsi alivyouza, maana watu wa siku hizi wanadhani duka la ushirika lilikuwa ni foleni tu. Foleni ilikuwepo. Lakini sukari ikija kidogo, Bi Sikuzani aliwaita kwanza wenye wagonjwa na waliojifungua, kisha akafungua mlango kwa wote, na mzani aliugeuza ukatazama nje ili mnunuzi auone. Mwenyekiti wetu, Mzee Januarius, alikuja siku moja akasimama pembeni ya foleni akikohoa kikohozi cha uongozi. Akaambiwa, "Mwenyekiti, mkia wa foleni uko kule kwenye baiskeli." Akaenda. Wala hakukasirika. Nilimwona akitabasamu kule nyuma.

Mvua za kwanza ziliponyesha, akalima vitalu viwili mbele ya duka, kimoja kila upande wa mlango. Katika kimoja alipanda rehani na maua mengine madogo ya rangi. Katika kingine alipanda mche wake, ambao ulikuwa asumini, na mawaridi aliyoletewa kutoka mjini. Pembeni alipanga mawe akayapaka chokaa. Kijijini kwetu hakuna aliyewahi kulima kitu kisicholiwa wala kisichouzwa ginari, kiwanda cha pamba. Watu walipita, wakasimama.

"Wangaluka, mayu. Hii ni mboga gani?"

"Wangaluka. Si mboga. Ni maua."

"Yanatibu nini?"

"Yanatibu macho."

"Siasa ni kilimo," Milembe akasema, "lakini hii sasa ni siasa gani?"

Akasema na wao wakacheka, lakini baada ya muda wanawake walianza kuchuma jani la rehani wakienda nyumbani, kulinusa. Mzee Januarius akawa anawapitisha wageni pale makusudi. Lile lilikuwa duka letu, na ghafla likawa na uso.

Kisha Watajua akaanza kuchimba.

Ilitokea alfajiri moja. Tulikuta kitalu cha mawaridi kimetifuliwa kama kimepitiwa na nguruwe, mizizi juu, na mbwa amelala pembeni ana udongo mpaka kwenye nyusi. Bi Sikuzani alipanda upya, akashindilia. Kesho yake ikawa vile vile. Akaweka mawe mazito, mbwa akayasukuma. Akaniagiza matawi ya miiba, nikayaleta, akayalaza juu ya udongo. Miiba ile ilimchoma yeye mwenyewe alipokuwa anamwagilia, mbwa akapita katikati yake kama anapita mlangoni kwao. Akasaga pilipili kavu akainyunyiza. Siku hiyo upepo ulivuma kuelekea dukani, na foleni nzima ikapiga chafya mpaka mama mmoja akaangusha kibaba chake cha chumvi.

"Mpigie kelele mbwa wako!" aliniambia.

Nilimpigia kelele. Nilimpiga hata kwa fimbo, nikimwonyesha shimo. Aliniangalia kama mtu anayesomewa barua ya mwingine.

Mimi nilimjua Watajua tangu akiwa mdogo. Kule tulikotoka alilala na ndama, na fisi walikuwa wanapita mbali na zizi letu. Baba alipokufa, mbwa huyu ndiye pekee aliyekuwa anakuja ukiita jina alilolitoa baba. Lakini mambo hayo sikuyasema kwa mtu.

Ikafika siku aliyoung'oa asumini. Ulikuwa umeanza kutambaa juu ya kijiti, na sasa ulilala chini umekatika shinani. Bi Sikuzani aliuokota, akakata kipande kilichobaki kibichi akakirudisha katika debe. Kisha akajifunga kanga vizuri, akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti. Aliporudi, uso wake ulikuwa umetulia.

"Shauri litasikilizwa Jumapili mkutanoni," alisema. "Nimetaka afungwe."

Nilibaki nimeshika gunia. Nilijua kitu ambacho yeye hakukijua, na ilinibidi nikiseme. "Mama, huku mbwa hafungwi."

"Kwa nini?"

"Mbwa wa ng'ombe hafungwi. Akiharibu mali ya kijiji... anauawa. Wanampiga rungu."

Aliacha kupanga viberiti. "Nani kasema auawe? Mimi nimesema afungwe."

"Ndiyo desturi, mama."

Alikuwa mtu wa fahari, na neno lililokwisha kutoka kinywani mwake hakulirudisha kwa urahisi. Aliendelea kupanga viberiti, lakini nikaona amevipanga juu chini. Jioni hiyo nilirudi nyumbani na mbwa wangu, nikamkatia ugali mkubwa kuliko siku zote.

Jumamosi mchana hapakuwa na wateja, watu walikuwa mashambani wakipalilia pamba. Nilikuwa nyuma ya duka nikikung'uta magunia. Nikasikia naitwa, sauti ya chini, "Jilala. Njoo polepole."

Alikuwa amesimama mlangoni. Watajua alikuwa kwenye kitalu cha mawaridi, anachimba. Bi Sikuzani hakuwa anamfukuza. Alikuwa anamtazama.

"Angalia. Kitalu cha rehani amekipita. Hata hakukinusa. Kwa nini?"

Mbwa akazamisha kichwa, akakitoa, na mdomoni alikuwa na kitu cheupe. Akalala nacho, akakitafuna. Ulikuwa mfupa wa kichwa cha sato.

Bi Sikuzani akakaa chini kwenye kizingiti. "Allah," alisema. "Ni mimi."

Ndipo akanieleza. Kule kwao Ujiji, mama yake alikuwa akizika vichwa vya samaki chini ya mawaridi na asumini, na hakuna mbolea iliyovizidi. Naye alipokuwa akinunua sato wa kubanika kutoka ziwani Kalemela, waliokuja na basi, vichwa alivizika kimya kimya chini ya maua yake, kwa kuwa hakupenda wateja wamcheke kwamba anayalisha maua samaki. Kitalu cha rehani hakukipa, rehani haitaki. Kwa mama yake, uani hapakukanyaga mbwa. Sisi kila kaya ina mbwa wake, na zaidi.

"Nimemwandalia karamu," alisema, "kisha nikamshitaki kwamba amekula."

Jumapili, baada ya watu wa kigango kutoka kwenye ibada, mkutano ulikaa mbele ya ofisi ya kijiji. Mzee Januarius akaeleza shauri. Alieleza vizuri, na alipomaliza wazee walikuwa wameshakubaliana kwa macho. Kijana mmoja alikuwa na rungu kabisa. Mimi nilisimama nyuma, mbwa katikati ya miguu yangu. Mwenyekiti akauliza kama mwenye mbwa ana neno. Nilimbana mbwa kwa magoti.

Bi Sikuzani akasimama. Wanawake wa kwetu siku zile waliongea mkutanoni wakiwa wamekaa, lakini yeye alisimama, akapita mbele.

"Mwadila, wazee. Mimi ndiye mshitaki. Nimekuja kushitaki upya. Mshitakiwa ni mimi."

Akasema yote, vichwa vya samaki, mama yake, Ujiji, bila kuficha hata kipande. Watu walianza kucheka kabla hajamaliza, na yeye aliwaacha wacheke. Milembe alikuwa anafuta machozi. "Yaani mayu, sisi tunakula mkia, maua yanakula kichwa!"

"Na mbwa anakula maua," mtu mwingine akasema.

Lakini banamhala, wazee wetu wa desturi, hawakucheka. Mmoja wao, mzee mfupi aliyeshika usinga, akasema kwamba kwetu anayemshitaki mwenzake kwa kosa lisilo lake hulipa. Hulipa pombe, wazee wakanywa, neno likafutika.

"Pombe mimi sipiki," Bi Sikuzani akasema. "Wala siibebi. Nipeni adhabu nyingine."

Wazee wakanong'onezana. Halijawahi kutokea. Mwishowe mwenye usinga akauliza, kwa heshima kabisa, yeye anapika nini.

"Pilau."

"Ina nyama?"

"Pilau bila nyama ni wali wenye huzuni, baba."

Hapo hata wao wakacheka. Lakini Mzee Januarius alinyoosha mkono. Alisema pilau itafuta neno la mshitaki. Mbwa je? Mbwa ameshazoea kuchimba, na mbwa aliyezoea haachi kwa sababu mtu amekiri. Kitalu ni mali ya kijiji. Basi Watajua apewe muda mpaka ununuzi wa pamba utakapofunguliwa. Siku hiyo wazee watakuja kuangalia kwa macho yao. Akichimba mbele yao, rungu liko palepale.

"Nimekubali," Bi Sikuzani akasema, kabla mimi sijajua nimekubali nini. "Na mkiona amechimba, msimuulize Jilala. Mniulize mimi."

Nilimtazama mama yule, ambaye hakuwahi kumgusa mbwa yule na hakukusudia kumgusa, amejiweka mbele yake. Kifua changu kilijaa. Hata leo nikiandika, kinajaa.

Kazi tuliianza kesho yake, baada ya pilau. Pilau yenyewe nisiiseme sana. Mwenye usinga aliuliza kama hakuna mtu mwingine wa kumshitaki. Tulifukua kitalu chote cha mawaridi mpaka chini, tukatoa kila mfupa, udongo wenye harufu tukaubeba kwa karai. Mahali pake tukaweka samadi ya zamani iliyokauka na majivu. Chini kidogo ya uso wa udongo, kuzunguka kila shina, tulilaza mawe bapa, na safari hii miiba tukaiweka chini ya udongo, si juu. Mbwa akikwaruza, kucha zinakuta jiwe.

"Hiyo ni nusu," alisema. "Ukimwambia mtu usile hapa, lazima umwambie akale wapi."

Nyuma ya duka, kando ya ua wa minyaa ambako kivuli kilikaa tangu mchana, tulichimba kipande cha ardhi laini, tukachanganya na mchanga wa mtoni. Ule udongo wenye harufu tukaumwaga huko. Kila samaki walipokuja, vichwa vilizikwa huko. Siku za jua kali alinituma nimwage maji pawe baridi. Nilipozika kichwa, yeye alisimama mbali kidogo akagonga kopo kwa kijiko. Kopo likilia, Watajua anajua. Akisogea mbele kwenye maua, hakupigwa. Kopo lilisikika nyuma, akageuka, akaenda mbio, akachimba mpaka akashiba kuchimba, akalala humo shimoni masikio tu yakionekana.

Kijiji kilifurahi sana. Wakati ule kila kaya ilipimiwa ekari yake katika shamba la pamoja, bega kwa bega, na ole wake asiyelima. Basi watu wakasema mbwa naye amepimiwa.

"Jilala, mwenzio amepalilia ekari yake? Wewe yako ina magugu!"

"Huyo atapata mavuno kabla yetu."

"Atauza kwa nani?"

"Kwa Bi Sikuzani. Si ndiye bwana shamba wake!"

Yeye alijibu wote. Mimi nilijibu kwa kutabasamu, na polepole nikaona kwamba hata tabasamu ni jibu. Lakini usiku sikulala vizuri. Kuna siku mbili tatu mbwa aliteleza, akakwaruza kwenye waridi, akakuta jiwe, akasimama anawaza. Ningekuwa peke yangu ningekata tamaa. Bi Sikuzani alirudisha udongo kwa mkono, akasema, "Mtoto hajifunzi kutembea bila kuanguka," akagonga kopo lake.

Siku ya ununuzi wa pamba ilifika. Magunia yalikuwa yamepangwa kwenye ghala, watu wamejaa, wamevaa vizuri. Wazee walikuja kabla ya mzani wa pamba kufunguliwa. Mawaridi yalikuwa yamechanua, mekundu, na kile kipande cha asumini kilikuwa kimerudi kitaluni, kimepanda kijiti kipya. Mwenyekiti mwenyewe alichota maji akamwagia kitalu, udongo ukalowa, ukalainika, ukatoa harufu ya kumwita mbwa yeyote. Kisha akasema, "Mwacheni."

Bi Sikuzani alikuwa ameliacha kopo ndani. Nilimwuliza kwa macho. "Bila kopo," alisema kwa sauti, wasikie wote. "Nisije nikaambiwa nimempigia filimbi."

Nikamwachia Watajua. Alikwenda kwenye kitalu. Alinusa waridi la kwanza. Aliinua mguu wa mbele, na nikasikia mtu nyuma yangu akivuta pumzi. Akauweka chini. Akapiga chafya. Kisha akazunguka pembe ya duka kwa mwendo wa mtu aliyechelewa kazini, na sisi sote, wazee, mwenyekiti, wenye pamba, tukamfuata kama maandamano. Tulimkuta kwenye ekari yake, udongo unaruka nyuma yake.

"Heee!" Milembe akapiga kigelegele. "Mbwa anajua mpaka wa shamba kuliko Novatus!"

Novatus, ambaye kila mwaka jembe lake lilikuwa linasahau mpaka wa jirani, alicheka kuliko wote, maana hakuwa na la kufanya. Mwenye usinga akamwambia kijana aende arudishe rungu nyumbani kwa wenyewe. Mzee Januarius akampa mkono Bi Sikuzani mbele ya watu wote. Naye aliupokea akiwa amesimama wima, kidevu juu, kama mtu aliyepokea kitu chake.

Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena maua yanatibu nini. Vitalu vilianza kuonekana mbele ya nyumba nyingine, na watu walikuja kuniuliza mimi, mimi nisiyesema, jinsi ya kulaza mawe chini ya udongo. Nikawaeleza. Akina mama wa kigango waliomba maua ya altare kila Jumamosi, na Bi Sikuzani aliwakatia mwenyewe, yale mazuri, akisema Mungu hatoi maua ya Waislamu peke yao.

Alikaa nasi miaka kadhaa. Macho yalipoanza kumsumbua akashindwa kusoma mzani, aliikabidhi kamati funguo na hesabu zake safi, akaamua kurudi Ujiji kwa dada yake. Nilisikia baadaye kwamba alifariki huko, mtu anayeheshimiwa mtaani kwake. Wakati huo nilikuwa nimeoa, nina mvi mbili tatu.

Siku ya kuondoka basi lilizungukwa na watu wa kumsindikiza, wengi kuliko wasafiri. Nilipandisha sanduku lake juu. Watajua alikuwa amezeeka, amelala katikati ya njia mbele ya basi, na dereva anapiga honi, mbwa hataki kusogea. Dereva akatoa kichwa dirishani, akauliza kwa hasira huyu ni mbwa wa nani. Nilikuwa natafuta neno. Bi Sikuzani alikuwa ameshakaa kitini. Akainama dirishani, akanitazama mimi, si dereva.

"Jilala," alisema, "mwambie ni wetu."